Dawa ya Deni ni Kulipa: Maisha na Kifo cha Askari Mahjub bin Adam

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Utangulizi

Mpenzi msomaji, sisi tunaokaa ng'ambo, uwe wa Likoni, Kisauni au Changamwe, tukiingia mjini Mombasa hatukosi siku ya kupita Barabara ya Jomo Kenyatta, pale penye sanamu za askari. Wamesimama pale mchana na usiku, jua lao, mvua yao. Wengi wetu huwapita bila hata kugeuza shingo, maana matatu ina haraka na makanga anapiga kelele.

Sanamu zile ziliwekwa na Waingereza ili kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyopiganwa kuanzia mwaka 1914 hadi 1918. Maandishi yake yanawaahidi marehemu wale kwamba majina yao hayatasahauliwa na kizazi chao. Basi siku moja nikasema, leo nitasimama niyasome hayo majina. Nikazunguka upande huu, nikazunguka upande ule. Lahaula! Hakuna jina hata moja.

Kumbe jambo hili si la Mombasa peke yake. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita hivyo hawakuandikwa majina yao popote. Wengi wao ni watu wa Afrika ya Mashariki na Misri. Tume ikaomba radhi. Lakini radhi ni neno, na jina lililopotea halirudi kwa neno.

Nikaona basi heri nitafute jina moja tu, nilijue vizuri, niwaelezee wenzangu. Jina nililolichagua ni la jirani yetu, mzaliwa wa Dar es Salaam, naye hakuwapigania Waingereza bali Wajerumani. Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa Mswahili aliyeifundisha lugha hii yetu katika mji wa Berlin. Pili, maisha yake yote ni kisa cha deni moja ambalo hakulipwa. Jina lake ni Mahjub bin Adam Mohamed.

Vita vya wageni katika nchi ya wenyeji

Hebu kwanza tujikumbushe tuliyosoma katika Historia. Kuanzia mwaka 1885 Wajerumani, ambao wazee wa pwani huwaita Wadachi, walianza kujitwalia nchi ambayo baadaye ilikuja kuitwa Tanganyika. Waingereza nao wakachukua upande wetu. Mpaka ukapigwa kuanzia pwani karibu na Vanga hadi Ziwa Viktoria. Wadigo na Wasegeju waliolala wakiwa jamaa moja wakaamka wengine ni raia wa Mdachi, wengine wa Mwingereza.

Mwezi wa Agosti 1914 mabwana hao wawili walipoanza kupigana kwao Ulaya, vita vikafika na huku. Ukipanda gari Likoni kwenda Msambweni utapita Gazi. Wajerumani walivuka mpaka mwaka ule wakafika mpaka hapo Gazi, wakiitamani Mombasa. Waliowazuia ni askari wa King's African Rifles pamoja na kikosi cha Waarabu wa Mombasa. Mwezi wa Novemba, Waingereza nao wakapeleka Tanga meli zilizobeba askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi. Wakapigwa vibaya na jeshi dogo la Wajerumani lisilofikia hata robo yao, wakarudi kwenye meli, wakakimbilia hapa hapa Mombasa na majeruhi wao.

Kamanda wa Wajerumani aliitwa Paul von Lettow-Vorbeck. Watu humtaja kwa ujanja wake wa kukwepa maadui miaka minne mizima. Lakini tujiulize, miguu iliyotembea miaka minne ilikuwa ya nani? Jeshi lake lilikuwa na Wajerumani wachache tu. Walio wengi mno walikuwa askari Waafrika, na nyuma yao wapagazi waliobeba vyakula na risasi. Waingereza nao walikuwa na wapagazi wao, wale wa Carrier Corps, ambao jina lao ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wapagazi hao walikufa kwa maelfu, na waliouawa na njaa, malaria na kuhara walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Wahenga walisema, fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Katika vita hivi nyasi ziliumia zaidi ya hapo, kwa sababu nyasi zenyewe zilipewa bunduki zikaambiwa zipigane.

Mtoto wa askari

Mahjub alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Baba yake, Adam Mohamed, alikuwa na asili ya Sudan, naye alikuwa askari wa Wajerumani mwenye cheo cha efendi. Hicho ndicho kilikuwa cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika aliweza kupewa katika jeshi lile.

Pengine msomaji utauliza, Msudani alifikaje Dar es Salaam? Mwaka 1888 wenyeji wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim wa Pangani, waliwaondokea Wajerumani kwa silaha. Wajerumani walipoona maji yamezidi unga, wakamtuma Hermann von Wissmann akaandike askari mjini Cairo. Akarudi mwaka 1889 na mamia ya Wasudani. Abushiri akashindwa, akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka huo. Kuanzia hapo Wasudani wakawa ndio nguzo ya jeshi la koloni, wakaoa, wakazaa, na watoto wao wakawa Waswahili kama sisi.

Mahjub alijifunza Kijerumani angali mdogo. Vita vilipoanza alikuwa na miaka kumi. Akaingizwa jeshini pamoja na baba yake, akawa mwanafunzi wa ishara za kijeshi. Miaka kumi, jamani! Mtazame mdogo wako nyumbani wa darasa la nne, yule ambaye bado hupigana na mwenzake kwa ajili ya gololi. Huyo ndiye wa kupelekwa vitani.

Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 palipiganwa vita vikali huko Mahiwa, bara ya Lindi. Vita vya Mahiwa vilikuwa miongoni mwa vilivyomwaga damu nyingi kupita vyote katika Afrika ya Mashariki. Upande wa Waingereza walikuwapo askari wa Nigeria na wa King's African Rifles, na upande wa Wajerumani walikuwapo akina Mahjub. Zaidi ya watu 2,000 wa upande wa Waingereza waliuawa au kujeruhiwa. Mnigeria na Mtanganyika, ambao hawakuwahi kukosana hata siku moja, wakapigana risasi siku nne kwa ajili ya mabwana ambao nchi zao hawakuwa wamezitia machoni.

Mahjub alijeruhiwa hapo Mahiwa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Akashikwa na Waingereza, akawa mateka.

Lettow-Vorbeck yeye aliendelea, akaingia Msumbiji, akazunguka mpaka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Alisalimu amri huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Aliporudi kwao Ujerumani alipokewa kwa shangwe kama shujaa.

Na askari wake je? Katika vita Wajerumani walikuwa wamekatikiwa na fedha. Mwaka 1916 walifika hadi ya kutengeneza sarafu za dharura huko Tabora. Kwa hivyo vita vilipokwisha, askari wengi walibaki wakidai mishahara yao. Miongoni mwao walikuwa Mahjub na baba yake.

Hapo ndipo deni lilipoanza.

"Umechelewa"

Baada ya vita Tanganyika ikawa chini ya Waingereza. Mahjub akatafuta riziki baharini, akawa mtumishi katika meli. Mwaka 1925 akapata kazi ya kuandalia chakula abiria katika meli za kampuni ya Kijerumani ya Deutsche Ost-Afrika Linie. Sisi tuliozoea kuziona meli zikiingia Kilindini tunaweza kumwona kijana huyo akilini, amevaa koti jeupe, sinia mkononi, na moyoni anahesabu anachodai.

Mwaka 1929 akafika Berlin. Akaenda moja kwa moja kwenye Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani. Ombi lake lilikuwa fupi: naomba mshahara wangu na wa baba yangu, wa siku za vita.

Jibu likaja kwamba ombi limekuja kuchelewa, kwa hivyo halitalipwa.

Jibu hili nimelifikiria sana. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi hakuna aliyemwambia kwamba amewahi mno. Alipokuja akiwa mtu mzima wa miaka ishirini na mitano ndipo akaambiwa kwamba amechelewa.

Mtu mwingine angerudi kwao. Mahjub alibaki Berlin. Huko akajulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Akapata kazi ya uandazi katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe lililokuwa na mikahawa mingi. Mwezi wa Januari 1933 akaoa mwanamke aliyeitwa Maria Schwandner. Siku chache tu baada ya harusi, tarehe 30 ya mwezi huohuo, Adolf Hitler akawa mkuu wa serikali ya Ujerumani. Bwana harusi hakujua kwamba nyumba yake ameijenga mlangoni mwa simba.

Mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, sehemu hii inatuhusu sana sisi.

Mjini Berlin palikuwa na chuo cha lugha za Mashariki kilichofunguliwa mwaka 1887. Wajerumani waliotaka kuja kutawala, kufanya biashara au kuhubiri huku kwetu walifundishwa Kiswahili huko. Profesa Mjerumani ndiye aliyeshika sarufi. Lakini matamshi, mazungumzo na methali atavitoa wapi? Ilibidi wawe na Waswahili wenyewe. Basi wakaajiri wasaidizi kutoka pwani.

Mmoja wa wasaidizi wa mwanzo ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yule ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa mwaka 1903 na yanasomwa hadi leo. Mtoro alifika Berlin mwaka 1900, akafundisha, akaoa Mjerumani. Alipotaka kurudi nyumbani na mkewe, wakuu wa koloni walimkatalia asishuke naye. Akarudi Ulaya, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Kwa hivyo Mahjub alifuata njia ambayo ilikuwa imekwisha kukanyagwa, na miiba yake ilikuwa pale pale.

Mahjub alianza kusaidia kufundisha Kiswahili chuoni hapo mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika siku za profesa mashuhuri wa lugha za Kiafrika, Diedrich Westermann. Alifanya kazi hiyo hadi mwaka 1941. Malipo yalikuwa madogo, na alikuwa akitumia usiku kwa kazi nyingine ili nyumba ipate unga. Cheo chake kilikuwa ni msaidizi tu. Waliokuwa wakimsikiliza asubuhi akiwatengeneza ndimi zao ili watamke "ng'ombe" badala ya "ngombe" ndio haohao ambao sheria ya nchi yao iliwaambia kwamba mwalimu wao ni mtu duni.

Sisi hapa shuleni wapo wanaotucheka ati chama chetu ni cha lugha ya sokoni. Mtu akikucheka tena mwambie kwamba karibu miaka mia moja iliyopita Wazungu walikuwa wakikaa kitako katika chuo kikuu wakifundishwa Kiswahili na mtoto wa askari wa Dar es Salaam.

Nishani na mavazi

Mwaka 1934 serikali ya Ujerumani ilitangaza nishani ya heshima kwa wote waliopigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mahjub alikuwa amepigana, na kovu analo. Akaomba nishani. Akanyimwa, kwa kuwa ni mtu mweusi. Hakukata tamaa, akaomba tena, akanyimwa tena.

Hata hivyo walimtaka kwa jambo jingine. Ujerumani ilikuwa imenyang'anywa makoloni yake mwaka 1919, na wako Wajerumani waliotaka warudishiwe. Hao walipofanya mikutano yao walipenda awepo askari mweusi, amevaa sare za zamani, amesimama wima, ili watu waone na kusema: tazama, Waafrika walitupenda. Mahjub akawa ndiye huyo askari. Alivaa sare, akabandika kifuani nishani aliyojitafutia mwenyewe.

Vilevile alicheza katika sinema zisizopungua ishirini. Alicheza kama mtumishi, mpagazi au askari mwaminifu, kwa kuwa hizo ndizo nafasi alizopewa mtu mweusi. Ya kwanza iliitwa Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, ya mwaka 1934, na ilihusu vita vilevile alivyopigana utotoni. Ya mwisho ilikuwa Carl Peters, ya mwaka 1941. Huyu Carl Peters ndiye aliyewafungulia Wajerumani mlango wa Tanganyika, na wenyeji walimwita Mkono wa Damu kwa sababu ya ukatili wake. Katika sinema ile alifanywa shujaa, na Mahjub akawa kiongozi wake wa njia.

Palikuwa pia na maonyesho yaliyoitwa Deutsche Afrika-Schau, ambamo Waafrika waliokuwa Ujerumani walizungushwa mji hadi mji wakicheza ngoma na kuonyeshwa watu. Mahjub alikuwamo. Kwa Waafrika wale hiyo ilikuwa kazi wakati kazi nyingine zote zilikuwa zikifungwa mbele yao. Yeye mwenyewe mwaka 1935 alikuwa ameipoteza kazi yake Haus Vaterland baada ya wafanyakazi wenzake kumchongea. Mwaka 1940 maonyesho nayo yakapigwa marufuku.

Unaona, msomaji, jinsi mambo yalivyokuwa? Sare yake ilitakiwa na jina lake halikutakiwa. Picha yake ilitakiwa ukutani, naye mwenyewe hakutakiwa mezani.

Kifo

Mwaka 1939 Vita vya Pili vya Dunia vikaanza. Mahjub akajitolea tena kuingia jeshini. Wakamkataa.

Ndugu zangu, hapa ndipo niliposhindwa kumwelewa kwa muda mrefu. Mtu amenyimwa mshahara, amenyimwa nishani, amefukuzwa kazi, bado anajitolea? Lakini baadaye nikafikiri hivi. Mdai huwa hataki kukaa mbali na anayemdai. Pengine aliona kwamba siku moja watachoka kumwambia hapana. Na pengine aliogopa, maana katika nchi ile mtu mweusi alikuwa na ngao moja tu, nayo ni kuonekana mwaminifu.

Ngao hiyo haikumfaa. Tangu mwaka 1935 Ujerumani ilikuwa na sheria zilizokataza Wayahudi kuoana au kuwa na uhusiano na Wajerumani, na sheria hizo baadaye zikatumiwa dhidi ya watu weusi pia. Mwaka 1941 Mahjub alishtakiwa kwa polisi wa siri, Gestapo, kwamba ana uhusiano na mwanamke Mjerumani. Kosa hilo waliliita kuchafua damu. Hakusimamishwa mbele ya hakimu. Alikamatwa na mwaka huohuo akapelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin.

Sachsenhausen ilikuwa kambi ya mateso. Kati ya mwaka 1936 na 1945 walifungwa humo watu zaidi ya 200,000, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, maradhi, kazi ngumu na kuuawa. Mahjub alivumilia miaka mitatu. Alikufa tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na miaka arubaini. Kambi ilikombolewa tarehe 22 Aprili 1945. Alibakisha miezi mitano tu.

Mwaka huohuo wa 1944 vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walikuwa msituni Burma wakipigana na Wajapani kwa niaba ya Waingereza. Kwa hivyo ukiangalia huku na huku, mtoto wa Afrika ya Mashariki alikuwa akifa mbali na kwao kwa bendera isiyokuwa yake.

Je, alikuwa msaliti?

Niliposimulia kisa hiki kwa wenzangu, mmoja alisema: "Na afe! Si alikuwa kibaraka wa Mdachi?" Swali hili si la kupuuzwa. Jeshi alilolitumikia ndilo lililowaua watu wa kusini mwa Tanganyika katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa. Na katika mikutano na sinema alizoshiriki, Mahjub alisaidia kuupamba ukoloni. Hayo ni kweli, na kumpenda mtu si kumfichia.

Lakini tuhukumu kwa mizani sawa. Wakati wa Maji Maji alikuwa anatambaa. Alipoingia jeshini alikuwa mtoto, na mtoto hachagui vita, huchaguliwa. Na alipokuwa mtu mzima alifanya jambo ambalo vibaraka hawalifanyi: alidai. Kibaraka hushukuru anachotupiwa. Mahjub alikwenda wizarani akasema, nilipeni. Akaomba nishani si kwa kupiga magoti bali kwa kusema, ni haki yangu. Alikuwa anawashika Wajerumani kwa maneno yao wenyewe. Ninyi si mnasema askari wenu walikuwa waaminifu? Haya, huyu hapa mmoja, mtendeeni kama mlivyosema. Walipotakiwa kutenda, ndipo uwongo wao ukaonekana.

Kosa lake, kwa maoni yangu, lilikuwa ni kuamini kwamba anayekuona wewe si mtu kamili atabadilika akiona utumishi wako. Hakubadilika. Utumishi mwema haununui utu kwa mtu ambaye ameshakataa kuuza. Ndiyo maana wazee wakasema asante ya punda ni mateke.

Deni limelipwa?

Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa Mahjub methali hii iligeuka. Harusi ya kukopa ilikuwa ya Wajerumani, na matanga yakawa yake.

Mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wazee waliokuwa bado hai huku Tanganyika. Husimuliwa kwamba wengi wa wazee waliofika kulipwa Mwanza hawakuwa na cheti chochote, ndipo kila mmoja akapewa ufagio aushike kama bunduki, akapigiwa amri za jeshi kwa Kijerumani. Wazee wakazifuata amri zile bila kukosea. Mahjub angekuwa hai angekuwa na miaka sitini, na asingehitaji ufagio. Kumbe basi deni lililokuwa "limechelewa" mwaka 1929 liliweza kulipwa miaka thelathini na mitano baadaye!

Mwaka 2007, mbele ya nyumba nambari 193 katika barabara ya Brunnenstraße mjini Berlin, alipokuwa akikaa, liliwekwa jiwe dogo lenye bamba la shaba kwa ajili yake. Mawe kama hayo huwekwa mbele ya nyumba za watu waliouawa na utawala wa Hitler, ili mpita njia ainame kidogo asome. Mwaka 2013 ikatolewa sinema juu ya maisha yake, na safari hii yeye ndiye mhusika mkuu, si mtumishi. Na tarehe 1 Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akawaomba msamaha watu wa Tanzania kwa maovu ya wakati wa ukoloni.

Mambo haya ni mema. Lakini mshahara wa mtoto aliyejeruhiwa Mahiwa haukufika mkononi mwake.

Tamati

Msomaji mpenzi, kisa cha Mahjub kinatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwa kila mwenye kutumikisha mtu: dawa ya deni ni kulipa, na hulipwa mwenyewe akiwa hai. Anayelipa jiwe au sanamu hajamlipa aliyemdai. Tusidhani ni mambo ya Wajerumani tu. Yule kibarua anayejenga nyumba yenu, na yule dada anayewafulia nguo nyumbani, je, mwisho wa mwezi ukifika naye huambiwa "umechelewa"?

La pili linatuhusu sisi vijana tunaosoma. Zile sanamu za Barabara ya Jomo Kenyatta ziliahidi majina na hazikuyaandika. Kazi hiyo imebaki kwetu. Hapa Likoni, Kisauni na Changamwe ziko nyumba ambazo babu wa babu alichukuliwa vitani, awe askari au mpagazi, na bado yuko bibi anayelikumbuka jina lake. Likizo hii nenda ukamuulize, kisha uandike. Ukichelewa wewe, hapo itakuwa kweli tumechelewa.

Nimeanza na moja: Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, askari mtoto, mwandazi, mchezaji wa sinema, mwalimu wa Kiswahili. Mwenyezi Mungu amrehemu.